Tope Lililopita Chini ya Maji Safi

Tangu nirudi kutoka ziwani, hakuna Jumapili ambayo sijashikwa mkono nje ya kanisa. "Madam Rispa, ni kweli mlizama?" "Ni kweli Daktari alilia?" Mmoja wenu amesikia kwamba nilivuliwa kwa wavu kama kambare. Nimechoka kusimulia vipande vipande, maana kila kipande kikifika sokoni kinaota miguu. Leo mvua inanyesha hapa Shieywe na mazoezi ya kwaya hayapo, kwa hivyo nakaa niwaandikie yote mara moja, wanakwaya wenzangu. Daktari hakulia. Ingekuwa afadhali angelia.

Kwa wale wasiojua kazi yangu: mimi hupima maji na udongo katika maabara ya ofisi moja ya maji hapa Kakamega. Nina mizani, nina chekeche, nina mkubwa anayetaka majibu kabla sijafungua chupa. Mwezi wa nne, mvua ikiwa imekolea, niliambiwa nifuatane na mtaalamu aliyetumwa kupanga bomba la maji ufukoni mwa ziwa, upande wa Budalang'i. Bomba lingeingia ziwani na kuvuta maji ya zahanati moja na shule ya msingi. Swali lilikuwa moja tu: mdomo wa bomba uwekwe wapi chini ya ziwa ili usizibwe na matope ya mto Nzoia?

Mtaalamu mwenyewe ni Daktari Ambani. Amezaliwa Lurambi, amesomea Ulaya, na amerudi akizungumza kwa pua. Alikuwa na koti la mvua la manjano na kikapu cha chupa za maji ya dukani. Dereva wetu alikuwa Shikuku, mtu mpole ambaye ameendesha Land Rover ile ya ofisi tangu ilipokuwa na milango minne.

Shieywe hadi Mautuma

Ziwa liko magharibi. Sisi tukaanza kwa kwenda kaskazini, Lugari, kwa sababu Daktari alitaka kuona mashapo, yaani ule udongo na mchanga unaobebwa na maji, tangu kwenye asili yake. Wazo hili halikuwa baya. Ubaya ni kwamba alilirudia mpaka Webuye kana kwamba sisi ndio tulikuwa tumelipinga.

"Mto huu unabeba mchanga," aliniambia. "Mchanga ukifika ziwani, mwendo unapungua, unaanguka papo hapo mdomoni mwa mto. Tukienda mbali kidogo, kwenye bonde lililo chini ya ziwa, maji ni safi daima. Bomba linakaa pale. Ramani nimeshachora."

"Kama umeshachora, twaenda kutafuta nini?" nikamuuliza.

"Kuthibitisha," akasema, akafungua chupa ya maji.

Mautuma tulisimama kando ya shamba la mahindi ambako mvua ilikuwa imechimba mfereji wa kina cha kiuno. Maji yaliyopita humo yalikuwa mekundu kama supu ya maharagwe. Nikashuka na chupa na jembe. Sijajaza hata chupa ya pili, mwenye shamba akatokea, mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Anaitwa Mama Khasoa. Alituona tunatia udongo wake chupani, akakata shauri kwamba tumegundua dhahabu.

"Kwanza mvua inabebanga udongo wangu kila mwaka," akasema. "Sasa serikali nayo imeamua kubeba ile ilibaki?"

Nikamweleza kwamba tunataka kujua udongo wake unaenda wapi.

"Unaenda chini!" akasema. "Udongo unaendanga wapi tena? Mlisomea hiyo?"

Shikuku akacheka mpaka akashika kitasa cha mlango wa gari. Daktari akajaribu kumweleza kwa Kiingereza, mama akamjibu kwa Kitiriki, lugha ambayo hata si ya pale, nadhani kwa kumkomoa tu. Mwisho alituruhusu kwa sharti kwamba tule kwake. Alituandalia obusuma, yaani ugali, na ingokho, kuku mzima na mchuzi mzito. Daktari alisema tumbo lake halijazoea. Tumbo la Lurambi! Alikaa pale akitafuna biskuti huku sisi wawili tukimheshimu yule kuku inavyostahili. Mama Khasoa alimtazama muda mrefu.

"Huyu ni mgonjwa?" akaniuliza.

"Ni Daktari," nikasema.

"Ole wao wagonjwa, basi."

Chekalini, tuliponyeshewa

Mvua ilitukamata Chekalini. Kijito kimoja kilikuwa kimepanda juu ya daraja, tukakaa siku nzima na nusu katika duka lenye benchi moja, tukila mkate na chai ya maziwa. Mwenye duka alidhani sisi ni watu wa kuhesabu mifugo, akawa analeta habari za ng'ombe waliokufa ili wasihesabiwe. Daktari aliziandika zote.

Kwa kukosa kazi, nikapanga chupa mbili kwenye kaunta. Moja nilitia mchanga niliouchota kando ya kijito, nyingine udongo mwekundu wa Mama Khasoa. Nikajaza maji, nikatikisa zote mbili kwa pamoja, nikaziweka chini.

Mchanga ulikuwa umeshakaa kabla Daktari hajamaliza kusema "mvutano". Udongo mwekundu haukukaa. Tulikunywa chai, tukanywa nyingine, jioni ikafika, duka likafungwa. Asubuhi tuliporudi, maji ya chupa ile bado yalikuwa mekundu, na chembe zake laini kama poda zilikuwa ndiyo kwanza zinateremka.

"Daktari," nikasema, "kitu ambacho hakikai usiku kucha ndani ya chupa isiyotikiswa, kitakaaje mdomoni mwa mto unaokimbia?"

"Hizo ni chembe chache sana mtoni," akajibu. "Karatasi za vipimo zinaonyesha mchanga."

"Karatasi zipi?"

"Ninazo." Akapiga mkoba wake kofi, kama mtu anayempiga farasi. Mimi nikafurahi kumwona amekosea, nikaacha kuuliza. Kumbukeni mnavyonijua: nikipata mtu wa kumdharau, sitafuti jambo jingine.

Mumias, kwa Bwana Swaleh

Kutoka Lugari tuliteremka hadi Bungoma, na kutoka pale tukaingia nchi ya miwa. Ukitaka kujua uvumilivu wako una urefu gani, fuata trela la miwa kwenye barabara ya matope. Tulifuata matatu. La tatu lilimwaga nusu ya mzigo mbele yetu, na Shikuku alipokwepa, springi ya nyuma ikakatika.

Fundi wa Mumias alisema springi itakuwa tayari "sasa hivi," maana yake kesho. Tukakaribishwa na jirani yake, Bwana Swaleh, mwenye kitalu cha miche ya miti.

"Asalaam aleikum, karibuni kivuli," akasema.

"Waaleikum salaam," akajibu Shikuku, ambaye ni mtu wa Salvation Army lakini anapenda kukaribishwa.

Daktari alisema "Haroo" kwa pua yake ile. Bwana Swaleh alidhani ni jina lake, na mpaka tunaondoka alimwita Bwana Haruni.

Huko kitaluni ndiko nilikoona roli la nailoni. Mnaijua, ile nailoni angavu inayokuja kama bomba refu, ambayo watu hukatakata vipande vya kuoteshea miche. Nilimwomba Bwana Swaleh kipande kirefu kuliko kitanda. Nikafunga mwisho mmoja kwa uzi, tukakilaza katikati ya mbao mbili zilizoinama kidogo, Shikuku akainua mdomo wa juu, tukajaza maji safi. Tukawa na ziwa letu, jembamba na angavu, lenye mteremko chini kama ziwa la kweli.

Kwanza nikamimina maji yenye mchanga. Mchanga uliteleza shubiri mbili tatu ukalala.

"Umeona?" akasema Daktari. Alikuwa amepiga magoti kwenye matope na koti lake la manjano.

Kisha nikamimina maji mekundu ya Mautuma. Jamani, sijawahi kuona kitu kama kile, na nimefanya kazi ya maji nusu ya maisha yangu. Wekundu haukuchanganyika na maji safi. Ulizama pale pale mlangoni, kwa sababu maji yenye tope ni mazito kuliko maji matupu, ukashika njia ya chini, kichwa chake kimevimba kama cha kenge, ukatambaa mpaka mwisho wa nailoni. Juu yake maji yalibaki safi. Ungeweza kuyanywa.

Nikachanganya mchanga na udongo mwekundu pamoja. Hapo ndipo hata mimi niliposhangaa: mchanga uleule uliolala mlangoni sasa ulibebwa mpaka zaidi ya nusu ya safari. Tope laini lilikuwa limeushika mkono. Mwisho, Bwana Swaleh mwenyewe alitaka kujaribu, akakoroga udongo mzito kama uji wa mgonjwa aliyepona. Huo ulisukumana kidogo ukaganda palepale, umenata, haujui kwenda wala kurudi.

"Kwa hivyo si wingi tu," akasema Bwana Swaleh. "Ni aina. Mchanga peke yake hauendi. Tope jepesi linaenda, na linamchukua mwenzake. Tope likizidi kunata, linajifunga lenyewe. Sivyo, Bwana Haruni?"

Mtu wa miche alikuwa ameeleza kwa pumzi moja kile ambacho Daktari angekieleza kwa juma zima. Nikamgeukia Daktari ili nionje uso wake.

"Nailoni si ziwa," akasema, akasimama, akapangusa magoti.

Nililala Mumias nikiwa na furaha kubwa. Nilikuwa nimeshapanga jinsi nitakavyomwigiza nikirudi kwenu.

Budalang'i na maji mapana

Budalang'i barabara ilikuwa chini ya maji. Tuliacha gari mahali pa juu, tukaenda kwa miguu juu ya tuta, viatu mkononi. Watu walikuwa wamehamishia vitanda na mbuzi kwenye tuta lile lile, na hakuna aliyetuuliza tunataka nini, maana walikuwa na ya kwao. Daktari alitangulia mwendo mzima, mkoba kifuani. Nilidhani ni maringo.

Ufukoni tulipokewa na Mama Nabwire, mwenye mashua mbili na nyavu za kutega chini. Ni mwembamba, ana kisu cha samaki kiunoni, na hasemi neno akiweza kulisema kwa mkono. Shikuku alikataa kupanda mashua. "Mimi ni dereva wa nchi kavu," akasema, akakaa chini na sahani ya samaki ngege wa kukaanga na obusuma.

Tukaenda mimi, Daktari, Mama Nabwire na mpiga kasia mmoja. Mdomoni mwa mto maji yalikuwa mekundu, kisha kwenye mstari mmoja uliojaa takataka na povu, wekundu ukakoma ghafla kama umekatwa kwa wembe. Ng'ambo yake ziwa lilikuwa la kijani, safi. Tulisafiri mbali mpaka juu ya lile bonde la kwenye ramani. Daktari akachota maji kwa gilasi, akaiinua juani.

"Madam Rispa," akasema, "sema ukweli. Kuna tope hapa?"

Hakukuwa na chembe.

"Hapa?" Mama Nabwire akauliza. "Hapa ndipo nyavu zangu nne zilizikwa. Nyavu za juu zinakaa sawa. Za chini, mvua ikinyesha huko kwenu juu, tunakuta zimevutwa na kufukiwa."

"Ni mawimbi," akasema Daktari.

Mama Nabwire alimtazama, akatema mate majini.

Nilikuwa na chupa ya soda niliyoifunga jiwe, na kizibo chenye uzi wake peke yake. Nikaiteremsha mpaka chini, nikavuta kizibo, nikangoja, nikaipandisha. Ilirudi nyekundu. Udongo wa Mama Khasoa, au wa jirani yake, ulikuwa umesafiri chini ya maji safi bila kumwonyesha mtu yeyote uso.

Daktari alitoa kipimo chake cha kasi ya maji, chuma chenye panga kama feni ndogo, akakiteremsha kwa kamba aliyoizungusha mkononi. Kilipofika chini kamba ikakaza. Mashua ikageuka yenyewe, kinyume cha upepo. Mpiga kasia akapiga kelele. Chini kule kitu kilikuwa kinakivuta na kukifukia kwa wakati mmoja, na Daktari badala ya kuachia akazungusha kamba mara ya pili. Upande mmoja wa mashua ukainama, maji yakaingia mpaka magotini, viatu vyangu vikatoka kuelekea Uganda.

"Achia!" nikapiga kelele.

"Siwezi! Imekaza!"

Kweli haikuwezekana. Kamba ilikuwa imezama katika nyama ya mkono, na vidole vilikuwa vyeupe. Nilimshika kiunoni kwa koti lile la manjano, na kwa mara ya kwanza katika safari ile sikuona cha kucheka. Mama Nabwire alipita juu ya mgongo wangu, akakata kamba kwa pigo moja. Mashua ikarudi kwa kishindo. Tukakaa tukihema, tukiteka maji kwa sufuria.

Ufukoni

Mama Nabwire alinipa leso yake, akamfunga Daktari mkono kwa kitambaa kilicholowa maji ya chumvi. Watu walikusanyika: mwalimu mkuu wa shule ile, nesi wa zahanati, wavuvi, akina mama wa samaki. Walitaka kujua bomba litawekwa wapi. Mimi nilikuwa nimesimama na chupa yangu nyekundu kama mtu aliyeshinda kombe. Nikaanza kuwaeleza, na sikumhurumia Daktari hata kidogo. Nilisema kuna watu huchora ramani wakiwa hotelini. Nilisema angewaua watoto kwa kiu, au kwa matope, ili tu ramani yake isifutwe. Wengine walicheka.

Daktari alingoja nimalize. Kisha akafungua mkoba kwa mkono mmoja, akatoa karatasi iliyolowa pembeni, akanipa. Hakusema kwa pua.

"Niliamini hii," akasema. "Ningesoma nini kingine?"

Ilikuwa karatasi ya maabara yetu. Sampuli za mto Nzoia za mvua iliyopita. Kwenye kila mstari, aina ya mashapo: mchanga, mchanga, mchanga. Chini, sahihi yangu.

Nitawaeleza ilivyokuwa, maana kazi hii mimi ndiye niliyeifanya. Sampuli ya mto ikifika unaikoroga kwa maji, unaiacha itulie siku kadhaa mpaka maji yaangae, ndipo unamwaga maji ya juu na kukausha kilichobaki. Zilikuja sampuli nyingi, mkubwa alikuwa mlangoni anauliza majibu, na mimi nilitaka kuwahi mazoezi ya kwaya. Sikungoja. Nilimwaga maji yakiwa bado mekundu. Tope lote laini, lile linalotambaa chini ya ziwa na kuubeba mchanga, lilikwenda na maji kwenye sinki. Kilichobaki kilikuwa mchanga, nami nikaandika mchanga. Chekalini nilitazama chupa ikikataa kutulia usiku kucha, nikamcheka Daktari, wala sikukumbuka sinki langu.

Mama Nabwire akanisogelea. Hajui kusoma sana, lakini aliijua karatasi.

"Hii nilionyeshwa Kakamega," akasema. "Nilienda kulalamika juu ya nyavu. Wakaniambia, mama, rudi nyumbani, huko ni mchanga tu, karatasi imesema."

Ningeweza kusema mkubwa alinisukuma. Ilikuwa kweli nusu. Nilifungua mdomo niseme hivyo, nikaona nesi ananitazama, nikaufunga. Kisha nikawaambia wote nilichofanya, kama nilivyowaambia ninyi hapa, na sinki na kwaya. Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka.

"Basi wewe na huyu," Mama Nabwire akasema akimwonyesha Daktari kwa kidevu, "mmoja alimwaga, mwingine akaamini. Na mimi niliyeona, nikarudishwa."

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Haya. Bomba liende wapi?"

Walikaa chini na Daktari, wavuvi wakachora mchangani njia za matope wanazozijua, yeye akiuliza, akiuliza tena, hata akaketi juu ya ndoo. Upande wa kusini kuna mwamba unaoinuka kutoka chini ya ziwa, na nyavu zilizotegwa juu yake hazijawahi kufukiwa. Tope hufuata bonde, halipandi mwamba. Wakakubaliana mdomo wa bomba ukae pale, umeinuliwa juu ya sakafu ya ziwa. Daktari akafuta ramani yake kwa kidole chenye mate. Karatasi yangu akaipiga mstari mwekundu katikati, akanipa kalamu. Nikaandika "Si sahihi. Sikungoja itulie," nikatia sahihi mbele ya watu wote, pekupeku, nimefunga leso ya mtu.

Kurudi Kakamega

Njia ya kurudi haikuwa na jambo. Springi ya Mumias ilivumilia. Daktari alikula samaki wa kukaanga kwa mkono wake mzima, na tumbo la Lurambi halikulalamika. Baada ya Mumias alilala, mdomo wazi, koti la manjano limemfunika kidevu.

Shikuku alinitazama kwenye kioo. Ananijua. Amenibeba miaka mingi akisikiliza ninavyowachambua wakubwa, makarani, wachungaji na nyinyi wa sauti ya kwanza.

"Madam," akasema, "leo huna mtu wa kumsema?"

Nikamtazama Daktari akikoroma kama mashine ya kusaga posho. Nilikuwa na maneno matatu mazuri kabisa juu ya mdomo ule.

"Ninaye," nikasema. "Lakini nimeshamsema kule ufukoni, na alikuwa na sahihi yangu."

Shikuku akabadilisha gia.

"Basi lala," akasema. "Nitakuamsha tukifika."

Sikulala.